Kisu cha Njiwa na Mchungwa wa Susu

Jumamosi iliyopita nilisimama mbele ya meza ya vyuma pale Tala mpaka kivuli changu kikachoka, kikahama upande wa pili. Mezani, katikati ya makufuli na misumari, palikuwa na visu vya kukunja, na kila kimoja kilikuwa na ndege mdogo aliyechorwa ubavuni. Chapa Njiwa. Kijana mwenye meza alinitazama, akauza kufuli, akanitazama tena.

"Mathe," akasema, "huyo njiwa hatagi. Nunua tu."

Kijana wa watu hakujua. Hakujua kwamba nimepita miaka hamsini, nimelima, nimezaa, nimemaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni nikiwa na wajukuu wawili, na bado sijawahi kumiliki kisu cha kukunja hata siku moja. Sababu yake ni ndege huyo huyo. Keti nikueleze, rafiki yangu. Si hadithi ndefu. Muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa, utakuwa bado mgumu jikoni na sisi tumemaliza.

Nililelewa na nyanya yangu mzaa baba, ambaye sisi tulimwita Susu. Nyumba yake ilikuwa mteremkoni, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka soko hilo hilo la Tala. Asubuhi niliamshwa na kinu: Susu akitwanga mahindi ya muthokoi, maganda yakiruka, kuku wakipigana chini ya miguu yake. Kisha mimi na punda tuliteremka kijitoni kuchota maji, na punda ndiye aliyekuwa na akili kati yetu. Jioni Susu aliketi mlangoni akisuka kiondo, nyuzi za katani zikipita kwenye vidole vyake upesi kiasi kwamba ungedhani kiondo kinajisuka na yeye anakizuia tu kisitoroke.

Alisuka kwa mkono wa kushoto. Alilima kwa kushoto, alikoroga uji kwa kushoto, na mimi nikazaliwa vivyo hivyo. Lakini mwalimu wa darasa la kwanza alinigonga vidole kwa rula mpaka penseli yangu ikahamia kulia kwa kukimbilia usalama. Susu hakwenda shule, kwa hivyo hakuna aliyemgonga.

Mali yake kubwa ilikuwa mchungwa mmoja nyuma ya jiko. Mchungwa huo, nakuambia ukweli mtupu, ulikuwa mtamu mpaka nyuki walipanga foleni na kuheshimiana. Ukila chungwa moja Jumatatu, chai ya Jumatano haikuhitaji sukari. Marehemu babu ndiye aliyeupanda kwa mbegu mwaka walipooana, na Susu alizungumza nao kuliko alivyozungumza na wakwe zake.

Sasa, kuhusu njiwa. Kanisani ni ndege wa amani, kwetu alileta vita. Haikuwa vita ya Wakatoliki na Waprotestanti, maana hao waliazimana masufuria kila msiba. Ilikuwa vita ya kisu. Kambi ya kwanza iliongozwa na jirani yetu, mzee mwenye kitalu cha miche kando ya kijito. Alibebesha miche ya matunda, yaani alikata jicho la mti mtamu, lile chipukizi dogo linalolala penye kikonyo cha jani, akalibandika kwenye gome la mche mwingine mpaka vikawa mti mmoja. Kazi hiyo aliifanya kwa Njiwa pekee. "Hiki kisu hakikati," alisema akikipangusa kwenye suruali. "Kinabisha hodi, mti unafungua."

Kambi ya pili jemadari wake alikuwa Susu. Aliwahi kukinunua. Siku ya kwanza alitaka kuchonga mti wa mwiko, kisu kikazama ndani ya mti kama kimeitwa huko, kikatokea kwenye kidole gumba. Susu alikifunga, akatembea taratibu hadi chooni, akakitumbukiza. Tangu siku hiyo Njiwa hakikuingia uani kwetu, na nusu ya kina mama wa kijiji walimfuata. Wakikutana na watu wa jirani kijitoni, maji yalichemka bila moto.

Kisha mchungwa ukaugua. Ulianza kutoa gundi shinani, machozi ya rangi ya asali, halafu matawi yakakauka kutoka juu. Jirani alikuja, akavua kofia, akauzunguka mti mara mbili.

"Mwaitu," alimwambia Susu, na hilo kwetu ni kumwita mama kwa heshima, "huu hauponi. Shina limeoza. Lakini macho yake yako hai. Nipe matawi, niyabandike kwa milimau, utakuwa na mchungwa wako tena."

"Kwa kisu gani?"

Jirani akatazama kofia yake.

"Nakuuliza wewe kijana," Susu akasema. Huyo kijana alikuwa na mvi kuliko paka wa kijivu. "Kwa kisu gani?"

"Niko na kimoja tu, Mwaitu. Unakijua."

"Basi mti wangu utakufa ukiwa na heshima zake."

Alipoondoka, Susu alijaribu mwenyewe kwa kisu cha jikoni. Aliomba miche mitano ya mlimau, akakata macho, akayabandika, akayafunga kwa vipande vya nailoni. Kisu kile kilikuwa butu, kilitafuna gome badala ya kulikata. Baada ya majuma matatu tulifungua nailoni moja baada ya nyingine. Macho yote matano yalikuwa meusi kama ugoro. Susu alienda akaegemea mchungwa, na mimi nikajifanya namtafuta punda, ingawa punda alikuwa amesimama mbele yangu.

Kwenye mti wote lilibaki tawi moja la kijani. Moja.

Ilikuwa likizo ya Desemba, nikiwa na miaka kumi na miwili, na nilikuwa nimechuma kahawa kwa watu mpaka vidole vikanuka kahawa hata nikilala. Pesa zangu zilitosha kununua kisu cha kukunja, na soko zima la Tala lilikuwa na chapa moja tu. Nikawaza usiku na mchana. Nikinunua Njiwa, naingiza adui nyumbani. Nisiponunua, tawi linakauka. Nilimjaribu Susu kwa methali ya shuleni: mtoto akililia wembe, mpe.

"Aliyesema hivyo," akajibu bila kuinua macho kwenye kiondo, "umehesabu vidole vyake?"

Nikaamua kwanza nikijue kisu chenyewe. Nikateremka hadi kwa jirani, nikamwomba nijaribu Njiwa wake kwenye vitawi vya kutupwa. Alikiweka kiganjani mwangu kwa sherehe, kana kwamba ananiposa. Nikakishika kwa kushoto, nikakata. Kisu kikazama! Jicho likapasuka katikati. La pili likatoka na kipande cha mti kinene kama kuni. Jirani alicheka mpaka akashika mlimau asianguke.

"Hii ni damu ya nyanya yako! Kisu kinawajua nyinyi!"

Nilikasirika. Na unajua mtoto akikasirika hufanya kile alichofunzwa kwa kugongwa. Niliwaza, huyu mzee ananicheka kama mwalimu, nikakihamisha kisu mkono wa kulia kama nilivyohamisha penseli. Nikakata. Jicho likatoka jembamba, bapa, laini kama ulimi wa ndama. Nikakata la pili. La tatu. Jirani akaacha kucheka.

Hapo ndipo nilipokiinua kisu machoni. Upande mmoja wa ubapa ulikuwa umenyooka kama kioo. Makali yalikuwa yamenolewa upande wa pili tu. Kwa mkono wa kulia, ule upande ulionyooka ulilala juu ya mti na kisu kikateleza. Kwa mkono wa kushoto kiligeuka, kikachimba. Ndugu yangu, miaka yote ile ya vita! Watu kuhama mabenchi kanisani! Wengine walikuwa wamekinoa pande zote mbili kama cha jikoni, wakaua makali yake, wakakitukana. Wengine walimfuata tu Susu. Na Susu alikuwa na haki kabisa, na jirani pia alikuwa na haki kabisa.

Nilipanda mteremko mbio, nikiwa nimekiazima kile kisu. Nyumbani kwetu kisu hakikupokezanwa mkono kwa mkono. Ulikiweka chini, na anayekitaka akakiokota, ili ugomvi ubaki ardhini. Nikakiweka chini mbele ya Susu, nikihema kama punda wetu.

"Susu, kisu si kibaya. Ni mkono. Kimetengenezewa watu wa kulia."

Alikitazama kisu, kisha kovu la kidole gumba chake. "Kwa hivyo mbaya ni mimi."

"Hapana. Aliyekitengeneza hakukujua."

Hakukiokota. Aliinuka, akachukua panga, akaenda nyuma ya jiko. Nilisikia pigo moja. Akarudi na lile tawi la mwisho, akaliweka chini kando ya kisu, upande wangu wa kulia.

"Haya, mwana wakwa," akasema. "Mkono wa shule ufanye kazi tuone."

Nilikata macho sita, nikayabandika kwenye miche sita ya mlimau ya jirani. Susu mwenyewe ndiye aliyefunga nailoni, kwa vidole vile vya katani, na hakuna maji ambayo yangepita hapo. Majuma matatu nilikula uji bila kuusikia ladha. Tulipofungua, manne yalikuwa mabichi, ya kijani, yamenenepa. Susu aligusa moja kwa ncha ya kidole gumba, kile chenye kovu, akalisalimia kwa jina la babu.

Basi utauliza, kwa nini sikununua kisu changu? Nilikwenda Tala na pesa zangu. Nikamwuliza muuzaji kama ana Njiwa cha mkono wa kushoto. Alicheka, akawaita wenzake wacheke. "Kisu cha kushoto! Nikutafutie na sufuria ya kushoto?" Niliondoka. Singeweza kuingiza nyumbani kisu ambacho mwenye nyumba hawezi kukishika. Nilimnunulia leso, na kila msimu wa mvua niliazima kisu cha jirani, nikakiweka chini, nikafanya kazi, nikakirudisha. Hata mwalimu wa masomo ya jioni alipochora mche uliobebeshwa ubaoni, miaka mingi baadaye, nusura nimnyang'anye chaki.

Turudi mezani Jumamosi. Nilikuwa nimeshaamua kuondoka mikono mitupu, kama zamani, nilipoona kopo pembeni lenye Njiwa kimoja peke yake.

"Hicho wacha, mathe," kijana akasema. "Kilikosewa huko kiwandani. Kimerudishwa mara tatu. Wanasema kinachimba."

Nikakifungua. Upande ulionyooka ulikuwa kule, na makali yalikuwa huku, kinyume cha kisu cha jirani. Nilikishika kwa mkono wa kushoto na kikakaa. Nikamwambia kijana afunge, akauliza kama nina hakika, nikamwambia sijawahi kuwa na hakika kama hii tangu ubatizo.

Susu amelala mteremkoni siku nyingi. Jirani naye alimfuata, na kisu chake sijui kiko kwa mjukuu yupi. Kitalu sasa ni nyumba za kukodisha, kijito kimebaki jina tu. Vita imehamia kwenye simu, kwenye kundi la wakulima, ambako watu hutumiana sauti ndefu wakitukana na kutukuza chapa Njiwa, na hakuna anayemuuliza mwenzake anakishika kwa mkono gani. Nitawaambia. Wacha wapoe kwanza.

Nyuma ya jiko langu kuna mchungwa mmoja kati ya ile minne. Jioni ile ya Jumamosi nilikata jicho lake la kwanza kwa mkono wa kushoto nikalipasua, maana mkono ulikuwa umesahau. La pili likawa nene. La tatu likatoka bapa, laini, kama ulimi wa ndama. Nikalibandika, nikafunga nailoni. Kisha nikakikunja kisu, nikakiweka chini upande wa kushoto, nikangoja kidogo. Kuku wakapita. Nikakiokota mwenyewe.