Mwitaliano wa Kwanza

Mwanaume aliyetaka kunioa alikuwa na kazi ambayo mama hakuielewa hata siku moja: kutafuta historia za magari ya mbio ya Kitaliano, yale adimu, yaliyolala chini hata tuta la barabarani pale Mpemba hayavuki. Tajiri mmoja wa upande wa Zambia huyanunua, lakini hatoi pesa mpaka atajiwe kila mtu aliyewahi kulimiliki gari tangu lilipotoka kiwandani. Akikosekana mmoja katikati, biashara imekufa. Mwenzangu alishinda kwenye simu akiwasaka wamiliki hao, na magari yenyewe aliyapenda kupita kiasi. Hakusema "lile". Alisema "yule". Nilimwambia Kiswahili hakijamkosea kitu, alicheka tu.

Siku aliyomleta baba yake mkubwa kutoka milimani Ileje kuja kujitambulisha, nilikaa roho mkononi. Mimi ni mtalaka. Wanaume wawili kabla yake walileta wazee wao; wazee wakalisikia neno hilo, wakala, wakashukuru, hawakurudi. Huyu nilimtaka kweli.

Mama alikuwa amepika wali wa mchele wa Kamsamba na kuku wa kienyeji. Kabla hatujanawa, simu ya mwenzangu ikaita. Alikuwa mtu wa yule tajiri, kutoka Nakonde. Mwenzangu akatoka, akasimama chini ya dirisha letu na kupaza sauti kama anaita ng'ombe.

"Huyu amepita kwa wanaume watatu, kaka! Wa kwanza Mwitaliano, mzee, alikuwa anamtoa siku za jua tu. Wa pili alimgonga vibaya, akamtelekeza. Wa tatu ndiye simjui, na asipojulikana huyo hakuna atakayemchukua!"

Sebuleni kila neno lilisikika. Mama akaniinamia.

"Wewe, Mwitaliano ulimtoa wapi?"

"Mama, siyo..."

"Mimi namjua mume mmoja tu!"

Huko nje nako: "Rangi amepakwa upya, ndiyo, lakini ukimsogelea unaiona ya zamani!"

Mama akanitazama midomo. Nilikuwa nimejipaka rangi kidogo. Baba mkubwa akachukua kofia yake, akasimama.

"Mama, tunashukuru. Sisi tunarudi Ileje."

Nikapiga kelele dirishani, "Waambie ni gari!"

Mwenzangu akaingia mbio, akaona kofia, akaelewa. Akaonyesha picha kwenye simu: gari jekundu, milango imefunguka kwa juu. Mama alicheka mpaka akakaa sakafuni. Baba mkubwa hakucheka.

"Gari nimeelewa," akasema. "Lakini huyu naye nasikia alikuwa na mtu."

"Ndiyo, baba. Aliniambia mwenyewe, kabla sijamuuliza. Gari ambalo watu wake wanajulikana halinisumbui. Nalikimbia linaloficha watu wake."

Kulinganishwa na gari kulinikera, na hapo hapo nikampenda zaidi.

Mzee akakaa, akaweka kofia magotini, akanigeukia. Nikajiandaa kwa swali la siku zote: nilikosa nini hata nikaachwa. Wachungaji wameniuliza, mashangazi wameniuliza, hata majirani nisiowasalimia.

"Mwanangu," akasema, "huyo mtu alikukosea nini?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Machozi yalitangulia jibu. Mama akainuka sakafuni, akamsogezea mzee sahani.

"Kula kwanza, baba. Hadithi hiyo ni ndefu."