Suruali Niliyoifumua

Hivi wewe mwenzangu, ukiletewa suruali nzito mbele kama godoro, nyuma nyepesi kama ya watu wote, na jua hili la kwetu Shinyanga, utaiacha hivyo hivyo?

Mimi sikuiacha. Ngoja nikusimulie.

Nakaa peke yangu, upande wa Kolandoto. Mzee alishatangulia, watoto wametawanyika. Nasonga ugali wa mtu mmoja, lakini mkono haujazoea, kila siku unabaki nawapa kuku. Hao kuku nawasalimia asubuhi, usicheke! Utamsalimia nani mwingine?

Anayenikumbuka ni mjukuu wangu mmoja. Yuko huko Geita, anapanda miti na chenso, ule msumeno wa mashine, anakata matawi yaliyolalia mapaa ya watu. Na anapanda na jinzi, tena imechanika magoti. Simu yake ikichelewa jioni nabaki nimekaa mlangoni, nawaza: leo mguu umekwenda.

Basi siku moja akapiga, na kwa utani wetu wa bibi na mjukuu huniita mke. "Mke wangu, njoo huku Katoro unichagulie suruali ya kazi. Nguo unazijua wewe."

Jamani! Nilioga mara mbili. Nikabeba michembe, viazi vyetu vya kukausha, kwenye kikapu, nikapanda basi.

Muuza mitumba alikuwa na suruali mbili za kazi hiyo, zina kijipicha cha chenso kiunoni. Moja nene mguu mzima. Mjukuu akaivaa juu ya jinzi yake, akanyanyua goti kama anapanda, likagoma.

"Hiyo ya kukatia magogo chini, kaka," muuzaji akasema. "Ya kupandia hii hapa."

Ile ya pili ilikuwa nene mbele tu. Goti likafika kifuani.

"Mbona nyuma nyepesi?" nikauliza. "Kitambaa kiliwaishia?"

"Bibi, mumeo anapanda mti, haendi harusini!"

Tukacheka mpaka muuza nyanya akageuka. Kwa kicheko kile nikasahau kuuliza huo unene wa mbele ni wa nini.

Akanisindikiza nyumbani, apumzike siku mbili. Nyumba ikawa na sauti! Suruali ilikuwa ndefu kidogo, akaniambia, "Nipunguzie hapa chini tu, kwenye pindo," akaenda kumwamkia shangazi yake.

Nikachukua wembe. Sasa kwetu makoti ya mitumba ya baridi tunayafumua, pamba ya ndani tunatia kwenye mito. Nani atavaa godoro juani? Nikafumua pindo, nikakuta nyuzi nyeupe, zinateleza, ndefu kama utumbo wa ng'ombe. Nikavuta. Chini yake tabaka lingine, na lingine. Nikasema wazungu hawa wamemwonea mjukuu wangu, atachemka mapaja! Nikatoa zote, miguu yote miwili. Nikamshonea mto. Suruali nikaipiga cherehani na pasi, mbele na nyuma zikalingana. Nikakaa namsubiri, nina furaha kama mtoto.

Aliporudi nikamrushia. "Shika! Imekuwa nyepesi!"

Akaishika paja. Akakaa kwenye kigoda.

"Bibi, vya ndani viko wapi?"

"Mto wako huo hapo."

Hakunigombeza. Heri angenigombeza. Akaniambia polepole kwamba chenso ikikuponyoka ikagusa paja, zile nyuzi zinatoka, zinauzonga ule mnyororo wake wa meno, mashine inakabwa kabla haijafika kwenye nyama. "Suruali ni zile nyuzi, Bibi. Kitambaa ni mfuko tu."

"Lete mto nizirudishe!"

"Hazirudi. Na ukipitisha cherehani juu yake ndiyo umeiua kabisa."

"Sasa kesho kutwa utapanda na nini?"

Akaangalia jinzi yake. Mimi nikaangalia mlango ninaokaaga jioni. Machozi yakanitoka, nikasema wazi, "Mjukuu wangu, ukipotea wewe, mimi hapa nitaitwa na nani? Kuku?"

Akacheka kidogo, pua imejaa. Akanishika mikono, hii hii iliyoshika wembe.

Aliondoka alfajiri ya siku ya pili. Mto nikambebesha, akaurudisha, eti niulalie mimi. Naulalia. Unateleza, kichwa hakitulii. Ugali umerudi kubaki.

Ila jioni simu inalia. Ananiambia, "Leo nimevuta matawi chini, mwenzangu ndiye kapanda." Kesho yake hivyo hivyo. Mwenye kazi anamsema mwoga, yeye kanyamaza, maana siku ile pale kwenye kigoda aliniahidi:

"Mke wangu, chenso siishiki tena mpaka nipate suruali nyingine nzima. Na nikiipata, kabla sijapanda hata mwarobaini, nitakuja kwanza hapa uipapase kwa mikono yako, uhesabu matabaka yote. Ila wembe utaniachia mimi mlangoni."