Madam wa Ijumaa

Msinione hivi na ndoo. Kabla ya kuja Jeddah nilikuwa mwigizaji, tena mkali. Tulizunguka shule za upili tukiwachezea wanafunzi tamthilia za kutahiniwa. Vipaza sauti havikuwepo. Ukizungumza chini chini bwalo zima linakupigia kelele: "Sauti! Sauti!" Mimi sikuwahi kupigiwa, hata mara moja.

Halafu nikaingia kazi za nyumbani huku mtaa wa Al-Nuzha, kwenye nyumba yenye mtoto mchanga na madam wa kuumwa kichwa kila siku. Miaka miwili nilinong'ona. Ndiyo, madam. Halas, madam, nimemaliza. Nikipiga simu nyumbani, mama ananiuliza kama naumwa.

Ijumaa moja, siku yetu ya mapumziko, Wakenya wenzangu walikusanyika chumbani kwa rafiki wakataka mchezo. Nikautunga mwenyewe, nikajipa nafasi ya madam. Nani mwingine angeiweza? Nikaketi kitini, nikaanza. Sauti ikatoka ndogo, ya mgonjwa. Mtu akasema kutoka nyuma: "Sauti!"

Mungu wangu, aibu ile! Machozi yalinilengalenga. Nikawaza, basi, imekufa, nimeimwaga kwenye sinki la watu. Kisha hasira zikanipanda. Nikavuta pumzi hadi tumboni kama zamani, nikafoka: "Yalla, haraka! Chai iko wapi?"

Msichana mmoja aliyefika Saudia mwezi ule akaruka kutoka kwa watazamaji. Mchezoni hakuwamo. Alikimbia jikoni, akamimina chai ya kwenye chupa, akarudi na kikombe kwenye sinia, macho chini.

"Samahani, madam," akasema.

Chumba kikavunjika kwa kicheko. Ndipo akagundua, maskini, akajifunika uso. Mimi sikucheka. Nilijivunia, nakiri, nilijivunia mpaka mwili ukanisisimka, na papo hapo nikamwonea huruma. Nikaondoka kitini, nikamkalisha yeye, nikamshikisha kikombe.

"Kunywa, dadangu. Leo nasimama mimi."

Alikunywa yote, na mchezo ukaishia hapo, kwa makofi na vigelegele.

Kesho yake nilimwita mtoto mkubwa wa madam aje kula. Nilimwita mara moja tu. Madam akatoka chumbani ameshika kichwa: sauti gani hiyo, punguza!

Nikainamisha kichwa, nikamwomba radhi kwa unyonge. Niliigiza vizuri sana.