Tarishi Aliyebeba Barua Zake Mwenyewe

"Katika mji huu hakuna mlango wa ofisi usionijua. Siku nikipotea, msihangaike kutangaza redioni. Ulizeni milango."

Maneno hayo aliyasema tarishi wa ofisi ya ardhi, soda mkononi, mbele ya wafanyakazi sitini, siku ya kumuaga mhasibu aliyestaafu. Watu wakapiga makofi, mkuu wa idara akacheka hadi akapaliwa na karanga. Hakuna aliyebisha. Mtu aliyebeba barua miaka ishirini na tisa, ngazi hizi apande zile ashuke, jua lake, mvua yake, ana haki ya kutamba kidogo. Tena hakuna aliyemwita kwa jina lake. Kuanzia mlinzi wa getini hadi mkubwa mwenye zulia, wote walimwita Bahasha, naye akaitika.

Milango ilimjua Bahasha, sawa. Lakini tatizo lililokuja halikuwa la Bahasha. Lilikuwa la mtu mwenye majina mawili aliyekaa ndani yake miaka yote, kimya, kama barua isiyo haraka.

Lilianza jioni moja, kitindamimba wake aliporudi na fomu ya chuo cha uuguzi. Fomu ilikuwa imerudishwa, na pembeni mtu ameandika kwa wino mwekundu, mwandiko wa hasira.

"Baba, chuo wanasema baba yangu si wewe."

Bahasha alikuwa anakunywa chai. Akatua kikombe taratibu, akamtazama mkewe. Mkewe naye akamtazama, kwa jicho la mtu anayengoja kuona utathubutu kusema nini.

"Msitazamane hivyo jamani," binti akasema. "Ni mambo ya karatasi. Kwenye cheti changu cha kuzaliwa kuna baba mmoja, kwenye kitambulisho chako kuna mwingine. Wanataka mfanane ifikapo Ijumaa ya mwisho wa mwezi. La sivyo nafasi yangu anapewa mtu mwingine."

"Mimi nilimtaja mume niliyeolewa naye," mke akasema. "Kama kuna wa pili, mleteni nimwone. Huenda huyo anajua kufua soksi zake."

Ukweli ulikuwa hivi, na mtu aushike vizuri, maana mwenyewe ulimponyoka mara nyingi. Bahasha alizaliwa na baba kama watu wengine, na baba huyo akafariki mwanawe akiwa bado anatambaa. Mama akarudi kwa kaka yake. Kaka huyo, mjomba mtu, ndiye aliyemshika mkono akampeleka shule. Mwalimu alipouliza mtoto ni wa nani, mjomba akajibu, "Wangu," kwa kuwa ada ilikuwa mfukoni mwake na nyuma yake kulikuwa na foleni. Mtoto akaandikwa kwa jina la mjomba. Cheti cha shule kikazaa kitambulisho, kitambulisho kikazaa ajira. Jina la baba likabaki kwenye cheti kimoja cha kuzaliwa, kimekunjwa ndani ya sanduku la mama yake, na kinywani mwa mama huyo, ambaye alimfundisha mkwewe: mumeo ni mwana wa fulani. Mkwe alipokwenda kujifungua akaulizwa baba wa mtoto, akamtaja mwana wa fulani.

Hakuna aliyesema uongo wa kumdhuru mtu. Na hapo ndipo palipokuwa pagumu. Uongo wenye mwenyewe ungesahihishwa kwa siku moja.

Asubuhi yake Bahasha akaingia ofisi ya vitambulisho, kifua mbele, zikiwa zimebaki wiki tatu. Dirishani alikuwepo karani waliyemwita Miwani, kwa sababu miwani yake ilikuwa na mguu mmoja, upande wa pili kamba.

"Mzee Bahasha! Leo umetuletea nini?"

"Leo nimejileta."

Miwani akasikiliza, akatikisa kichwa, akasema, "Hii rahisi sana," maneno ambayo mtu wa ofisi huyasema kabla ya kukutesa mwezi mzima. "Nitawaandikia watu wa vizazi watuthibitishie. Ila tarishi wetu yuko likizo."

Wakatazamana.

"Na mimi nimekuwa fundi viatu?" Bahasha akauliza.

Basi Miwani akaandika barua, akaitia kwenye bahasha, akailamba, akaibandika, akagonga muhuri juu ya mkunjo. Bahasha akafungua daftari lake la kupelekea barua, lile lenye jalada jeusi na penseli iliyofungwa uzi, akaandika tarehe na saa. Akavuka barabara hadi ofisi ya vizazi na vifo, ghorofa ya pili, akaikabidhi kwa msajili. Msajili huyo ni Mama Muhuri. Akigonga muhuri, kalamu za mezani huruka. Akaisoma, akakunja uso, akaandika jibu, akalitia kwenye bahasha, akagonga. Kalamu zikaruka.

"Mpelekee Miwani."

Akampelekea. Miwani akasoma, akasema "Mhm," akaandika nyingine.

Ikawa ndiyo ibada yake. Kila siku ya tatu alivuka barabara na bahasha ya kaki kwapani, akapokelewa kwa heshima, akasainiwa daftari, akapewa nyingine arudi nayo. Alikuwa na hakika kwamba jambo linakwenda, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa anakwenda. Nyumbani binti akimuuliza wamefika wapi, anafungua daftari na kumwonyesha saini.

"Saini nimeziona, Baba. Barua zenyewe zinasemaje?"

"Barua ya watu haisomwi."

"Ya watu? Si inakuhusu wewe!"

"Inanihusu, ndiyo. Lakini haikuandikwa kwangu."

Binti akamgeukia mama yake. "Mama, huyu uliyeolewa naye ni yupi kati ya wale wawili?"

"Ni huyuhuyu. Yule mwingine nadhani ana akili."

Bahasha hakucheka. Katika miaka ishirini na tisa hajawahi kufungua barua isiyo yake. Alibeba barua za watu kufukuzwa kazi, za kupandishwa vyeo, za viwanja vilivyogawiwa mara mbili, na hakuna aliyewahi kumkuta akichungulia hata ukingo wa karatasi. Ukimtoa kwenye hilo anabaki na nini? Viatu vilivyoisha upande mmoja.

Jumatano ya wiki ya mwisho, siku mbili kabla ya ukomo, Mama Muhuri akamkabidhi bahasha yake ya saba. Bahasha akashuka ngazi, na katikati ya ngazi akasimama. Aliketi pale pale, watu wakampita kushoto na kulia. Aliipima mkononi. Ilikuwa nyepesi, karatasi moja tu. Saba zote zilikuwa na uzito huohuo, akawaza, na tarishi hujua uzito. Jambo linalokua huongezeka karatasi.

Hakujua hata bahasha inafunguliwaje. Akaichana kama mtu anayemenya muwa kwa meno, na mkunjo wenye muhuri ukabaki mkononi peke yake.

Barua ilikuwa na mistari mitano. Mitatu ilikuwa ya rejea: rejeeni barua yenu ya tarehe fulani, iliyorejea barua yetu ya tarehe fulani, iliyojibu yenu. Miwili iliyobaki ilisema: *Tafadhali tujulisheni kwanza ni jina lipi mhusika analitumia, ndipo nasi tuthibitishe.* Akairudia. Kisha akakumbuka kilichokuwa juu ya meza ya Mama Muhuri, barua ya Miwani aliyoileta asubuhi. Akapanda ngazi mbilimbili.

"Mama, niruhusu niione ile ya asubuhi."

Mama Muhuri hakumsikia. Macho yake yalikuwa kwenye ile bahasha iliyochanika. "Mzee Bahasha! Umefungua?"

Mpiga chapa akaacha kidole hewani.

"Nimefungua."

"Wewe?"

"Mimi. Sijui mimi yupi, lakini ni mimi."

Mpiga chapa akacheka, akajifanya anakohoa. Mama Muhuri akaisogeza barua ya Miwani mezani. Ilisema: *Tafadhali tuthibitishieni kwanza jina sahihi la mhusika, ndipo nasi tulibadilishe.* Bahasha akaziweka pamoja. Zilikuwa kama watu wawili mlangoni, kila mmoja anamwambia mwenziwe tangulia.

"Wiki tatu," akasema. "Na katikati nilikuwapo mimi. Mngeniuliza."

Mama Muhuri akavua miwani, akaifuta kwa kitambaa, akaivaa tena. Alikuwa mama mkali, si mtu mbaya. Akatoa fomu kutoka droo ya chini kabisa, ukingo wake umeshakuwa wa njano.

"Haya, nakuuliza. Jaza hapa: jina ambalo mhusika anataka litumike. Ukishajaza, namaliza leo hii."

Bahasha akashika kalamu. Sehemu ya kujaza haikuzidi kidole. Akaandika jina lake la kwanza, ambalo halikuwa na ugomvi na mtu, kisha kalamu ikasimama. Ukiandika la baba, umemfuta aliyekulisha. Ukiandika la mjomba, binti hana baba wa kwenye cheti, na nafasi ya chuo imekwenda. Hesabu ilikuwa nyepesi kabisa, lakini mkono ulikataa.

"Nitarudi kesho, Mama."

Mjomba alikuwa na miaka themanini na mbili, na bado alitengeneza vyerehani barazani kwake, bisibisi sikioni badala ya penseli. Alimsikiliza mpwa wake mpaka mwisho huku akipaka gurudumu mafuta.

"Kwa hiyo umekuja kuniomba ruhusa ya kuitwa mwana wa baba yako?"

"Nimekuja... sijui nimekuja kufanya nini, Mjomba."

"Jina nilikuazima, sikukuuzia. Kama mwavuli. Mvua ilikuwa inanyesha, ukajifunika. Sasa mtoto wako yuko mvuani na wewe unanishikia mwavuli mimi, niliyekaa barazani?"

"Nikilirudisha nitakuwa nani kwako?"

"Utakuwa mpwa wangu. Hilo halina fomu." Akazungusha gurudumu, likaenda kimya. Kisha akacheka peke yake. "Halafu usijisumbue sana na jina lenyewe. Hata mimi si langu."

"Eti?"

"Kiwandani walitaka mtu mwenye kibali cha kazi. Sikuwa nacho. Rafiki yangu alikuwa nacho, akaacha kazi, akanipa kikiwa na jina lake. Nikaingia nacho kazini, nikatoka nacho uzeeni."

Bahasha alishika nguzo ya baraza. Nusu karne ameandikwa mwana wa mjomba, na kumbe ameandikwa mwana wa rafiki wa mjomba, mtu asiyemjua hata sura.

"Mjomba! Sasa wewe jina lako halisi ni nani?"

"Mimi naenda chuo cha uuguzi? Nipishe, unanizibia mwanga."

Alhamisi Bahasha akajaza fomu. Aliandika jina la baba yake kwa herufi kubwa, polepole, kama mtu anayepita kwenye nyumba ya watu gizani, maana hakuwahi kuliandika jina hilo nyuma ya lake hata mara moja. Mama Muhuri akagonga, kalamu zikaruka. Safari hii akaivuka barabara pamoja na binti, na barua ikiwa wazi mkononi. Miwani akasoma, akasema, "Si nilisema rahisi?" Binti akafungua mdomo, baba yake akamkanyaga mguu kidogo. Ijumaa saa nne Miwani akatoa karatasi ya muda yenye picha, saa tano na nusu chuo kikaipokea. Binti akapata nafasi yake, akalia kwenye korido, akamwambia mlinzi ni vumbi.

Jumatatu Bahasha akaripoti kazini; nakala ya karatasi yake mpya alishaiacha mapokezi Ijumaa mchana. Dawati la mapokezi likamwambia masijala wanamwita. Karani wa masijala, aliyekunywa naye chai miaka kumi na minne, alikuwa na nakala ya karatasi mpya mkono mmoja na faili la ajira mkono mwingine.

"Mzee wangu, usinichukie. Mtu aliyeajiriwa hapa ni huyu wa kwenye faili. Wewe wa kwenye karatasi hatukufahamu. Nitawaandikia vitambulisho watuthibitishie."

"Tarishi yuko?"

"Tarishi si ndiye wewe?"

"Wewe ndiye uniambie."

Karani akakuna kichwa, akaangalia faili, akaangalia karatasi. Akaandika barua. Akavuta droo ya bahasha, ikawa tupu, akavuta ya pili, tupu. Barua ya ofisi haiendi ikiwa wazi, akasema, na Bahasha akakubali, kwa sababu hata yeye ndivyo alivyoamini siku zote. Akatoka getini kwenda kuinunua mwenyewe. Mlinzi akampigia saluti, "Bahasha!", naye akachelewa kidogo kuitika.

Kwenye kibanda cha vifaa vya ofisi alisimama mbele ya kioo kilichobandikwa bei. Miaka ishirini na tisa hakuwahi kununua bahasha hata moja, na hakujua bei.

Bahasha ya kaki, saizi ya kati, shilingi mia mbili.