Vitambaa vya Makochi vya Mama Winnie

Wifi yangu Getruda amefuma sweta za shule pale Buzuruga kwa miaka ishirini na sita. Msiniulize nani anahitaji sweta Mwanza kwenye joto la mwezi wa kumi. Sare ni sare, na watoto huzifunga kiunoni. Sweta ya Getruda ilinunuliwa mtoto akiingia darasa la kwanza, ikarithiwa na wadogo zake watatu, kwa jinsi alivyokaza uzi. Hilo lilimpa jina, na jina likampa mdomo.

Mdomo huo ndio uliomponza. Wanawake wa mtaani walipokaa na sindano moja yenye kulabu wakifuma vitambaa vya makochi, yeye alisema wazi kwamba hiyo ni kazi ya watu waliochoka kupiga umbea. Halafu mwanawe Winnie akachumbiwa na Nathaniel wa Sengerema, na akamwomba mama yake kitu kimoja tu: seti ya vitambaa vya makochi, iliyofumwa kwa mkono wake mwenyewe, aipokee siku ya kuagwa. Vyombo na vitanda wangeleta wengine. Getruda akajibu mbele yetu sote kwamba anayemudu sindano mbili hawezi kushindwa na moja.

Akaenda kujifunza kwa Tereza mwenye genge la mboga, ambaye ni rika la Winnie. Kila asubuhi Tereza alimpa shikamoo kwa adabu zote, akaitikiwa marahaba, kisha akaifumua kazi yote ya jana.

Shida ilikuwa usweta wake. Kwenye sweta, vitanzi vyote hukaa juu ya sindano, na kimoja kikikuponyoka umeumia. Kwenye kulabu kinakaa kitanzi kimoja tu. Getruda hakuamini hata kidogo. Aliuliza vingine vinalala wapi. Tereza akigeuka kumpimia mtu nyanya, yeye alivichomeka vitanzi vyake pini za nepi visitoroke. Siku moja nilihesabu pini kumi na moja kwenye kitambaa kisichozidi kisosi. Tena alikaza uzi kama alivyozoea, wala hakuongeza vitanzi kila mzunguko, maana mwili wa sweta hauongezwi hovyo. Basi duara lililotakiwa kulala juu ya mkono wa kochi likajikunja, likawa bakuli. La pili bakuli. La sita nalo bakuli.

"Mama, legeza mkono," Tereza alimwambia.

"Mkono huu ndio uliokuvalisha wewe shuleni," Getruda akajibu, na akaendelea kukaza.

Zikiwa zimebaki siku nne, alinunua seti mjini kwa mfanyabiashara mmoja. Ilikuwa nyeupe, yenye maua ya njano pembeni, imelala kama karatasi. Mfuko nilibeba mimi, kwa hiyo sijitoi.

Siku ya kuagwa Winnie alivipokea vitambaa akalia mpaka vipodozi vikaharibika. Mama Nathaniel, mkwe wake, alikuwa amevuka daraja la ziwani kutoka Sengerema tangu asubuhi na ndugu zake. Alichukua kitambaa kimoja, akakigeuza upande wa ndani, akakitazama kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Kisha akaomba kipaza sauti. Alisema aliyefuma kazi ile ni fundi hasa, wa aina ambayo Sengerema nzima labda ina mmoja, na akamwomba mwenzake amfumie seti kama hiyo kwa ajili ya sebule yake. Watu wakapiga vigelegele. Getruda akakubali, maana angefanya nini?

Baada ya hapo hakula vizuri kwa siku kumi. Nilimwonea huruma, na nilifurahi kidogo pia. Miaka ishirini na sita ya mdomo ule si mchezo. Siku ya kumi na moja, harusi ikiwa imeshapita, alitia mabakuli yake sita kwenye mfuko, akaniambia twende Sengerema.

Sebuleni kwa Mama Nathaniel makochi yote yalikuwa na vitambaa vyeupe vyenye maua ya njano pembeni. Getruda alibaki amesimama. Nilimvuta nguo akae.

"Mama Nathaniel, vile sikufuma mimi," alisema kabla hata ya kuulizwa habari za nyumbani.

"Najua. Nimefuma mimi, nikavipeleka mjini kuuzwa."

Nilidhani tumemaliza, tutacheka, tutaletewa soda. Lakini yule mama hakucheka.

"Kunyamaza naweza," alisema. "Ila Winnie anamwambia kila mgeni kwamba ule ni mkono wa mama yake. Mimi nimeketi hapo hapo, nasikia. Inaniuma, mama Winnie."

Getruda aliinamisha kichwa. Aliomba radhi kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo.

Nyumba ya Winnie ilikuwa hatua chache kutoka hapo. Tulikwenda wote watatu. Getruda hakuzunguka, alivitoa vile vitambaa vizuri kwenye makochi kimoja kimoja, akavikunja, akamkabidhi Mama Nathaniel aliyevifuma, akamweleza mwanawe vilikotoka. Halafu akamwaga mabakuli mezani. Winnie aliokota moja, akauliza kama ni kofia ya mtoto.

"Ni kitambaa cha kochi," Getruda alisema. "Hicho ndicho nilichofuma mimi."

Winnie alikiweka juu ya mkono wa kochi, akakilaza kwa kiganja. Alipoinua mkono kikajikunja. Akakilaza tena. Chai ilipoletwa aliipokea kwa mkono mmoja, na tulikunywa mpaka birika likaisha, kiganja chake kingine kikiwa pale pale juu ya kile kitambaa.