Siku Niliyomtafsiria Mama Mkwe

Umewahi kuona mkalimani anatafsiri akiwa amegeukia ukuta?

Mimi nimefanya hivyo, kule Guta, na jasho lilinitoka mpaka shati likaganda mgongoni.

Iko hivi. Nilipotaka kujifunza lugha ya kigeni, mke wangu Getruda aliniambia nisome Kichina, barabara zote wanajenga Wachina. Mimi nikang'ang'ania Kijerumani, nikiwaza watalii wa Serengeti.

Tukagombana kila siku nyumbani kwetu pale Mwisenge. Mwisho akafunga begi akarudi kwao Guta, na simu zangu akawa hapokei.

Kumfuata mwenyewe? Thubutu! Kwetu mkwe haongei na mama mkwe, wala hawaketi wakatazamana. Nikabaki nimekwama.

Basi bosi wangu Leodgar akanipa kazi ya kwanza ya ukalimani: kumtafsiria mgeni wa Kijerumani anayetembelea kikundi cha akina mama wakulima wa alizeti.

Gari likasimama. Kuangalia geti, nikalitambua.

"Bosi, hapa ni ukweni."

"Sasa mgeni nimwambie nini? Kazi unaitaka, huitaki?"

Nikaingia kinyumenyume. Kiti changu nikakielekeza ukutani. Mama mkwe, kumbe ndiye mwenyeji wa kikundi, alikuwa nyuma yangu, karibu na mlango, kwa hiyo hata pa kukimbilia hapakuwepo.

Mgeni akauliza habari za alizeti.

"Alizeti nzuri, mgeni wangu," mama mkwe akasema. "Shida ni binti yangu. Mume wake akiambiwaga kitu hasikii, yeye na lugha za watu tu."

Nikatafsiri hivyo hivyo.

Mgeni akashangaa. "Huyo mwanaume ana akili kweli?"

Nikatafsiri na hilo. Ningefanyaje?

"Hata sisi tunajiulizaga," mama mkwe akajibu. "Na binti mwenyewe ni mjamzito. Huyo bwana alete wazee wake, waje wamchukue."

Nikaanza vizuri tu: binti ni mjamzito... Sikumaliza. Nililia mbele ya ule ukuta, jamani, bila aibu.

"Mkalimani anaumwa?" mgeni akauliza. Hilo sikulitafsiri.

Kwenye gari Leodgar akacheka. "Yule mama ndiye aliyeagiza nije na wewe. Alikutaja kwa jina."

Wazee wangu wanaenda Guta Jumamosi.

Mnaoniuliza inbox Kichina au Kijerumani, someni mnachotaka. Ila mkeo akianza kuongea, msikilize palepale, usisubiri mpaka aletwe Mjerumani.