Volti za Saa ya Ijumaa

Chumba nilichopanga Majengo kilikuwa na tundu moja la umeme, na mama mwenye nyumba alikuwa mwimbaji. Mambo hayo mawili yalinifundisha zaidi ya shule, ambayo niliiacha darasa la saba.

Miaka ile ya tisini sikudumu katika kazi moja zaidi ya miezi mitatu. Nilibeba magunia Shimanzi, nikauza maji Makupa, nikarudi tena Shimanzi. Kila nilipohama nilihama na mfuko wa vipande vya redio na mita ya sindano ya kupimia umeme, yenye kioo kilichopasuka. Nilikuwa nimejifunza kulehemu amplifaya kwa kuziiga zilizokufa.

Mama aliongoza kundi la wanawake wa kuimba harusini. Mwaka mmoja kabla sijahamia kwake, amplifaya yao ilikatika katikati ya wimbo, na kundi jingine lililoalikwa siku ile likaumalizia wimbo wao kwa makofi huku likicheka. Tangu hapo hawakualikwa popote. Sasa mwaliko ulikuwa umekuja: Mji wa Kale, Jumapili baada ya alasiri.

"Mwanangu," aliniambia, "hii utakayotuundia ikikatika, sisi basi. Matari nitayafanya ungo wa kupepetea mchele."

Moyo wa amplifaya, kwa mawazo yangu ya wakati ule, ulikuwa transfoma. Nilikwenda kwa fundi wa redio Mji wa Kale, Mhindi mwenye kofia nyeupe na duka lenye upana wa mlango wake. Alinitolea mbili. Ndogo ilikuwa ya volti kumi na nane kila upande. Nyingine ilikuwa ya ishirini na nne, nzito kama jiwe la kusagia.

"Chukua hii ndogo," akasema.

"Mimi nataka sauti, bwana."

"Wataka sauti, ama wataka kupika chapati juu yake?" Akacheka peke yake, kisha akazisukuma zote mbili kwangu. "Nenda nazo. Moja utanirudishia. Nami najua ni ipi."

Hilo lilinikera, nikaanza na ile nzito.

Jioni nilifunga daiodi nne na kapasita mbili kuukuu, vile vikopo vya kutunza umeme, zilizoandikwa kikomo cha volti thelathini na tano, nikapima. Sindano ikasimama thelathini na tatu. Nilishangaa. Ishirini na nne imezaaje thelathini na tatu? Kesho yake nilipita kwa fundi kumuuliza, naye akajibu bila kuinua macho: umeme wa ukutani hupanda na kushuka kama mawimbi, namba iliyoandikwa kwenye transfoma ni kama wastani wake, na kapasita hushika kilele. Jibu hilo lilinipendeza hata nikatembea hadi Majengo nikilirudia. Thelathini na tatu iko chini ya thelathini na tano. Nilijiona nimemaliza.

Nilipima tena siku mbili zilizofuata, kila mara nikitoka kazini, baada ya alasiri. Thelathini na tatu, thelathini na mbili na nusu. Kila kitu sawa.

Ijumaa sikwenda kazini. Mimi ni Mkristo, mtu wa bara, kwa hivyo saa saba mchana, wanaume wote wa mtaa walipokuwa msikitini, nilikuwa chumbani nikijaribu amplifaya kwa kanda ya taarabu. Mama alikuwa uani akichambua mchele. Ilipiga vizuri kama dakika kumi. Halafu ikaja sauti ya kuzomea, kisha mlio kama wa baruti, na chumba kikajaa moshi wenye harufu ya samaki aliyeungua.

Mama alifika mlangoni na ungo mkononi. Aliitazama amplifaya, akanitazama mimi. "Na huku bado hatujaimba," akasema, akarudi uani. Afadhali angenitukana.

Nilichomeka mita moja kwa moja ukutani. Sindano ilionyesha mia mbili hamsini na sita. Nilifungua amplifaya nikakuta kapasita zote mbili zimepasuka: ukuta ulipopanda, volti zao nazo zilikuwa zimevuka thelathini na tano. Alasiri yake nilipima tena: mia mbili ishirini. Siku ile na kesho yake niliandika kwa chaki nyuma ya mlango, saa baada ya saa.

"Wapima ukuta kama mgonjwa wa homa," mama akasema.

"Mama, tundu hili lajua watu wanafanya nini."

Ndivyo ilivyokuwa. Mafundi cherehani walipokuwa na pasi zao, wachomeleaji wakichomelea mageti na feni zikizunguka kila duka, umeme ulishuka. Saa ya Ijumaa, mtaa ulipofunga milango, uliachwa bila kazi ukapanda. Mimi nilikuwa nimeuchagulia transfoma wakati umechoka. Na Jumapili maduka mengi yangefungwa.

Nilifunga ile transfoma ndogo. Kwa hesabu yangu, hata ukuta ukifika mia mbili sitini isingevuka thelathini, na nguvu ingebaki karibu nusu. Nusu! Niliogopa kumwambia mama. Nililehemu kapasita nyingine mbili kutoka mfukoni mwangu, nikamwita asikilize.

Alisikiliza ameinamisha kichwa. "Si ileile tu?"

Na kweli, hata mimi tofauti niliipata kwa kutafuta. Hadi leo jambo hilo hunishangaza: nguvu yapungua nusu, sikio halina habari.

Jumapili wanawake walikuwa ndani ya nyumba ya harusi, nami nikakaa kibarazani karibu na waya uliotoka dirishani, mita mapajani. Mia mbili hamsini na moja. Mama aliubakiza mwishoni wimbo uliokatika mwaka ule. Alipofika ubeti wa tatu, pale ulipokatikia, niliacha kuitazama sindano nikafumba macho. Sauti ikapita pale, ikaenda mbele, na matari yakaufuata wimbo mpaka mwisho wake. Vigelegele vilipopigwa, mkono wenye hina hadi kiwikoni ulitoka dirishani na sahani ya pilau.

"Kula, fundi," akasema mama kutoka ndani. "Na usiguse kitu. Wametaka turudie."